Kadi ya ghala au gunia la kugawana? Maswali ya familia za Mombasa kuhusu kununua kwa jumla

Maswali haya yametoka kwa wanachama wa kikundi chetu cha kununua vyakula, kwa majirani wa Kisauni na Mikindani, na kwa jamaa walioko Marekani ambao kila wakipiga simu hawaachi kusimulia maghala makubwa wanakonunua kuku na mchele kwa kadi ya uanachama. Msimamo wangu nauweka mbele: kadi yenyewe haiokoi pesa. Kinachookoa ni bei ya kilo moja, iwapo kilo hiyo italiwa kabla haijaharibika na iwapo tuktuk ya kuileta nyumbani haikuila faida yote njiani. Mwenye haraka asome swali la hesabu na lile la joto, mengine ayaruke.

Haya maghala ya uanachama ni maduka ya aina gani?

Mteja hulipa ada ya mwaka, hupewa kadi yenye picha yake, na asiye na kadi hanunui. Ndani hakuna mapambo. Bidhaa zimeachwa kwenye katoni zilizokuja nazo, nazo huuzwa kwa vipimo vikubwa: mafuta kwa mitungi, karatasi za msalani kwa mabunda, nyama kwa trei nzito. La kwanza, Price Club, lilifunguliwa na Sol Price huko San Diego mwaka 1976, ndani ya jengo lililokuwa banda la ndege. Mwaka 1983 zikaja Costco kule Seattle na Sam's Club ya Walmart, na mwaka 1993 Price Club na Costco zikaungana.

Siri ya bei zao si uchawi. Costco huweka aina 4,000 hivi za bidhaa, wakati supamaketi ya kawaida ya huko huweka makumi ya maelfu. Ukiuza aina moja au mbili za ketchapu badala ya kumi na tano, unanunua kwa mwenye kiwanda kwa wingi kiasi kwamba yeye ndiye anayekubembeleza. Juu ya bei ya kununulia wanaongeza asilimia 14 au 15 hivi, si zaidi. Halafu kuna ada: katika mwaka wa fedha wa 2024 Costco ilikusanya ada za uanachama za zaidi ya dola bilioni 4.8, na faida yake halisi mwaka huo ilikuwa kama dola bilioni 7.4. Kwa hiyo kinachouzwa hasa ni uanachama. Mchele ni wa kukuvuta mlangoni.

Kwetu Mombasa lipo duka kama hilo?

Halipo. Costco haina ghala hata moja barani Afrika, na Sam's Club pia haina. Supamaketi za hapa, iwe Naivas, Carrefour au Quickmart, mtu huingia bila ada, na kadi zao ni za kukusanya pointi tu.

Uamuzi wenyewe, hata hivyo, unao kila mwisho wa mwezi. Utoe pesa nyingi leo ili kila kilo ikujie kwa bei ya chini, au uendelee kupima sukari ya shilingi hamsini kwa jirani? Mwenzio wa Seattle analipia nafasi hiyo kwa kadi. Wewe unailipia kwa mtaji wa gunia, nauli, na kona ya chumba ambayo haitapita mtu tena.

Nimetumiwa ujumbe kwamba duka la uanachama linafunguliwa Mombasa, nafasi ni chache, nitume ada kwa namba ya simu ya mtu. Nilipe?

Usilipe. Duka hujaliona, bei hujaziona, na pesa inatakiwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Hapo hakuna hesabu ya kupigwa.

Dada yangu yuko Marekani na anauliza kama alipie kadi. Nimwambie nini?

Muulize kwanza nyumba yake ina watu wangapi, ana gari, ghala liko umbali gani, na friza yake ni kubwa kiasi gani. Usimuulize anapenda nini. Kila mtu anapapenda mle ndani, ndiyo maana huingia kununua mayai akatoka na hema.

Sasa ada. Tangu tarehe 1 Septemba 2024, kadi ya kawaida ya Costco Marekani ni dola 65 kwa mwaka. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni 8,385. Sam's Club iliipandisha kadi yake ya kawaida hadi dola 50 mwezi Oktoba 2022. Athibitishe bei kabla ya kulipa, kwa kuwa ada hizi hupanda kila baada ya miaka michache.

Tuseme vitu anavyonunua kila mara vitamjia kwa asilimia 10 chini ya bei ya supamaketi anayoiendea sasa. Dola 65 zitarudi akishanunua vitu ambavyo supamaketi vingemgharimu dola 650 kwa mwaka, yaani kama dola 54 kwa mwezi. Mama mwenye watoto wanne, nepi na mchele wa kila siku, atazipita hizo katika wiki ya kwanza. Muuguzi wa zamu za usiku anayeishi peke yake, anayekula kazini siku nne kati ya saba, huenda azifikie, lakini kwa kununua trei ya nyama ambayo nusu yake itaishia pipani. Nyama hiyo iliyotupwa ndiyo huvuruga asilimia 10 zote.

Na iko hoja ambayo jamaa zetu huisahau. Wengi wao tayari wananunua kwenye maduka ya Wahindi, ya Waarabu au ya Wasomali, ambako mchele wa basmati, dengu na viungo ni rahisi kwa kilo kuliko supamaketi. Basi alinganishe ghala na duka hilo, si na supamaketi ya bei ghali. Tofauti ikilinganishwa hivyo hupungua sana, ikabaki kwenye kuku, mafuta ya kupikia, sabuni, nepi na petroli ya gari.

Kadi ya Costco huja na ya pili bila malipo kwa mtu mzima mmoja wa nyumba hiyo hiyo. Kumwazima kadi shoga yake wa mtaa mwingine hakuruhusiwi, na tangu 2024 wamekuwa wakiweka mashine za kusoma kadi mlangoni. Kuingia naye kama mgeni wake ni sawa. Jambo zuri ni kwamba Costco huahidi kurudisha ada yote kwa mwanachama asiyeridhika, kwa hivyo alipe, aweke risiti za miezi mitatu kwenye bahasha, kisha azikalie na kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari, hata Minnesota huko Marekani.

Na ile kadi ya juu ya Costco, ya dola 130?

Hiyo humrudishia asilimia 2 ya alichonunua. Amelipa dola 65 zaidi ya kadi ya kawaida, kwa hivyo anahitaji kutumia dola 3,250 kwa mwaka, kama 271 kwa mwezi, ili arudi pale pale alipoanzia. Akizidi hapo ni faida. Familia kubwa, sawa. Mtu mmoja, aachane nayo.

Anaweza kuninunulia vitu huko akanitumia ndani ya pipa?

Chakula, hapana. Mchele wa Pakistan unashushwa hapa hapa bandarini Kilindini. Kuununua Marekani na kuurudisha baharini ni kulipia safari mbili na ushuru juu. Kama ana pesa ya kukusaidia, aitume pesa.

Hapa Mombasa ni nani anayemuuzia jumla mtu wa nyumbani?

Karibu kila duka la jumla litakuuzia gunia moja au katoni moja. Hawakuulizi leseni ya biashara. Maduka ya Mwembe Tayari ndiyo ya kuanzia kwa sukari, unga, mchele, mafuta na sabuni. Uliza bei kwenye maduka matatu kabla hujatoa pesa, na uulize ukiwa umesimama, si ukiwa umeketi unakunywa soda ya mwenye duka.

Kongowea ni ya viazi, vitunguu, nyanya, maembe, machungwa na ndizi. Bei nzuri ni alfajiri, malori yakiwa yanashusha. Ukifika saa nne umekuta mikono miwili mitatu imeshapita juu ya mzigo huo. Tahadhari na lumbesa, lile gunia la viazi lililoshonewa kofia juu. Kanuni za viazi za 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, na ukinunua kwa gunia bila mizani hujui umenunua kilo ngapi, liwe limefura au limenywea. Marikiti, ambayo kwenye ramani huandikwa Mackinnon Market, naiendea kwa viungo: hata robo kilo ya bizari nzima au iliki hapo hutoka kwa bei ambayo vipakiti vya dukani havifikii.

Na usimpuuze mwenye duka la mtaani. Akikuona unataka beli zima la unga, lile furushi la pakiti 12, mara nyingi atakupunguzia mpaka karibu na bei ya jumla, na hutalipa nauli. Hili watu hawaliulizi kwa sababu ya haya.

Nipige hesabu vipi?

Gawanya bei kwa kilo au kwa lita, kila kitu, kila mara. Simu yako ina kikokotoo. Kisha toa nauli, kisha uliza kitaisha lini.

Nitatumia bei za mfano tu, wewe weka za wiki hii. Sukari ya kupima dukani ni shilingi 160 kwa kilo. Gunia la kilo 50 ni 7,000, yaani 140 kwa kilo. Umeokoa 20 kwa kilo, jumla 1,000. Tuktuk kutoka Mwembe Tayari hadi Mishomoroni ni 400. Imebaki 600, yaani shilingi 12 kwa kila kilo.

Nyumba yako hutumia kilo 6 kwa mwezi. Gunia litakaa miezi minane na zaidi. Faida yako ni shilingi 72 kwa mwezi, na 7,000 zako zimelala kwenye kona.

Sasa majirani watano wachangie gunia hilo hilo na tuktuk hiyo hiyo. Kila mmoja ametoa 1,400 na 80 ya nauli, amepata kilo 10, na faida yake kwa kilo ni ile ile shilingi 12. Shilingi 72 kwa mwezi hazikubadilika hata senti. Kilichobadilika ni kwamba pesa iliyofungwa ni 1,480 badala ya 7,400, na sukari inaisha kabla ya miezi miwili, kabla chungu hawajaijua njia. Hapa ndipo mimi husimama: kwa familia ya kipato cha kawaida, gunia zima la peke yako ni mara chache lina maana, hata pale bei inapokuwa nzuri.

Chukua na beli la unga wa mahindi, pakiti 12 za kilo 2. Dukani pakiti ni 150, beli ni 1,680, sawa na 140 kwa pakiti. Umeokoa 120. Ukipanda tuktuk ya 300 kulifuata, umepata hasara ya 180 na jasho. Likipakiwa pamoja na sukari na mafuta kwenye safari moja, lina faida.

Vitu gani hulipa zaidi?

Visivyooza, visivyotamanisha, na vinavyotumika kwa kasi ile ile viwe vingi au vichache. Sabuni ya kufulia ya mche ni mfalme wa orodha hii. Ikikauka huwa ngumu na hudumu zaidi kuliko mche mbichi. Nepi pia, ila usinunue za saizi moja za miezi mitatu, mtoto hakui kwa ratiba yako. Kiberiti, dawa ya meno, chumvi, majani ya chai.

Mafuta ya kupikia ya mtungi wa lita 20 nayapenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bei ya lita, hasa ukilinganisha na yale ya kupimiwa kidogo kidogo, ambayo ndiyo mafuta ghali kuliko yote mjini. Ya pili ni mtungi wenyewe. Kwa mji ambao maji ya bomba hutoka kwa zamu, mtungi mtupu wa lita 20 una bei yake. Hesabu thamani hiyo. Kasoro ni mkono: mtungi mkubwa jikoni hufanya watu wakaange kwa kumimina. Mimina kwenye chupa ya lita moja, mtungi ukae uvunguni, na chupa ndiyo ipimwe kwa wiki.

Mchele hulipa nyumba inayokula wali kila siku, na Pwani hizo ni nyingi. Nunua kilo chache kwanza uupike. Gunia la kilo 25 la mchele unaoshikana ukiwa unataka wa pilau ni adhabu ya mwezi mzima.

Na visivyofaa?

Biskuti, soda, juisi na krispi. Katoni ya biskuti ikiingia nyumba yenye watoto huliwa kwa muda ule ule ambao pakiti tatu zingeliwa. Bei ya kipande imeshuka, matumizi yamepanda.

Viungo vya unga kwa kilo, hata kwa bei ya kutupa: harufu huisha kabla ya kiungo. Nyanya kwa kreti kama hamko watu wa kuigawa siku hiyo hiyo. Samaki pia si wa jumla isipokuwa msimu. Wakati wa kaskazi bahari ikiwa shwari, bei hushuka na mtu mwenye friza anaweza kununua nguru mzima akamkatakata. Kusi ikivuma mashua hazitoki ovyo, na kununua kwa wingi wakati huo ni kulipia upepo.

Joto na unyevu wa huku kwetu vitaharibu akiba yangu?

Ndiyo, na hili ndilo jambo ambalo mashauri ya mitandaoni ya kutoka Nairobi au ng'ambo huliruka. Unyevu wa hewa Mombasa uko juu mwaka mzima. Chumvi hulia, sukari huganda, biskuti hulainika, na unga uliofunguliwa huanza kunuka uvundo mapema kuliko tarehe iliyopigwa kwenye pakiti. Tarehe ile ni ya pakiti iliyofungwa, mahali pakavu.

Unga wa posho, uliosagwa na kiini chake, ndio wa kwanza kuchacha kwa sababu una mafuta ya mahindi ndani. Usiuweke zaidi ya wiki chache. Wa pakiti uliokobolewa hudumu zaidi. Mahindi na njugu zina hatari kubwa kuliko uvundo: kuvu wanaotoa sumu ya aflatoksini, ambayo kupika hakuiondoi. Kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 kwa mahindi makavu. Nyumbani hatuna kipimo hicho, lakini punje yenye rangi ya kijani au nyeusi, au gunia linalotoa joto ukitia mkono, lirudishwe au litupwe, asipewe hata kuku. Hata unga wa pakiti si kinga kamili. Novemba 2019 shirika la viwango la KEBS lilisimamisha chapa tano za unga kwa sababu ya sumu hiyo. Kwa hivyo kwenye mahindi mimi hununua kidogo kidogo na siogopi kuitwa mbadhirifu.

Kwa vitu vingine kanuni ni hizi. Gunia halikai sakafuni. Sakafu ya saruji hupitisha unyevu, liinue juu ya mbao, na liwe mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Hamisha kwenye ndoo au pipa lenye kifuniko kinachobana. Fukusi kwenye mchele na maharagwe huwa wamekuja na mzigo tangu ghalani kama mayai, si kwamba nyumba yako ni chafu. Bibi zetu walitia majani makavu ya mwarobaini, na wengi bado hutia. Kwa maharagwe ya miezi kadhaa, maduka ya agroveti huuza mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu hukosa pumzi wakafa bila dawa. Ukiufungua kila siku kutoa kikombe haufanyi kazi, kwa hivyo toa ya wiki mbili kwa mara moja.

Vitunguu vinataka upepo, vitundike kwenye neti. Viazi vinataka giza. Vikipigwa na mwanga hugeuka kijani, na sehemu hiyo ni sumu. Usivikalishe pamoja.

Ninunue friza ili ninunue nyama kwa wingi?

Kwa kuokoa pesa peke yake, sioni. Ina bei yake, inakula tokeni usiku na mchana, na umeme ukikatika muda mrefu utaalika mtaa mzima kula. Kama tayari unayo kwa biashara ya barafu au malai, hapo mguu wa ng'ombe wa kugawana na wifi zako una maana.

Sina pesa ya gunia. Nikope kwenye simu?

Hapana. Mikopo ya simu hutoza kwa siku au kwa mwezi, na faida ya shilingi 72 kwa mwezi haifiki popote mbele ya ada hizo. Anza na kitu kimoja. Mwezi huu sabuni ya katoni ndogo, kiasi ulichookoa kikae kando, mwezi ujao mafuta. Inachosha, najua. Anayepima kila siku si kwamba hajui hesabu. Pesa yake ndiyo huja kila siku, kibarua kwa kibarua.

Tunataka kuanzisha kikundi cha kugawana. Tufanyeje tusigombane?

Wawe wachache, watano hadi wanane, wanaokaa karibu kiasi cha kubeba mzigo kwa miguu. Kikundi cha watu ishirini kinahitaji mwenyekiti, na akishapatikana mwenyekiti mtaanza kushona sare.

Pesa hutangulia. Asiyelipa kufikia siku iliyokubaliwa hayumo kwenye mzunguko huo, na hakuna kulaumiana. Ukimkopesha mmoja, mwezi ujao utakuwa umewakopesha watatu, na aliyekopa sukari hulipa kwa uzito wa moyo kwa sababu ameshainywa. Anayekwenda sokoni alipe kwa till ya duka, yaani namba yake ya kulipia kwa simu, si taslimu, na risiti apige picha aitume kwenye kikundi kabla hajapanda tuktuk. Mpeni kitu kwa kazi yake, hata kilo moja. Anayetumwa bure kila mwezi huchoka, na akichoka huanza kujilipa mwenyewe.

Gunia lipimwe kabla ya kufunguliwa. Likipungua, upungufu hugawanywa kwa wote au hurudishwa dukani siku hiyo. Nunueni mizani ndogo ya pamoja, mgawe mbele ya macho ya wote, na anayegawa awe wa mwisho kuchukua fungu lake. Sheria hiyo ya mwisho peke yake imemaliza manung'uniko mengi kwetu.

Mikoba kila mtu aje nayo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na vikapu vya ukili vipo.

Nakaa Likoni. Safari ya ng'ambo inalipa?

Mtembea kwa miguu havuki kwa pesa, ila jaribu kupanda feri ya jioni na mtungi wa lita 20 begani. Tuktuk ikivuka inalipia, na dereva atakutoza hilo. Kwa mzigo mdogo nunua Likoni kwenyewe. Ng'ambo iwe ya mzigo wa watu kadhaa, asubuhi baada ya msongamano wa wafanyakazi kupungua.

Ramadhani ninunue lini?

Shaaban, na mapema, si siku za vunja jungu wakati kila mtu yuko Marikiti. Sukari, unga wa ngano, tambi, tende na mafuta vinakaa mwezi mmoja bila shida, na ndivyo hupandishwa bei mwezi ukiandama. Viazi na nazi havikai. Hivyo kubali bei ya siku. Kosa la kawaida ni kununua kana kwamba mtu hula zaidi akifunga. Kinachoongezeka ni aina za vyakula mezani na wageni wa futari, basi hesabu vichwa vya wageni, usizidishe kila kitu kwa mbili.

Kadi za pointi za supamaketi zina faida?

Ni za bure, chukua. Ila usibadili duka kwa ajili yake, na usilimbikize. Supamaketi za Nakumatt zilikuwa na kadi maarufu nchini. Maduka hayo yalifungwa moja baada ya jingine, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifungwe. Usitegemee pointi zikuingize kwenye foleni ya wadai. Zikifika kiasi cha kununua mkate, nunua mkate.

Tuko wawili tu, mimi na mzee wangu. Yote haya yanatuhusu?

Kidogo. Sabuni, mafuta kwa kugawana na jirani, basi. Mchele nunua wa kilo tano tano.

Nikiweka gunia ndani, jamaa na majirani hawaachi kuja kuomba. Nifanyeje?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini lakini huulizwa sana, nalo ni la hesabu kama mengine. Nyumba yenye gunia linaloonekana kutoka mlangoni hutoa zaidi, na huwezi kumnyima shangazi kikombe cha sukari ukiwa umeegemea kilo 50. Weka akiba chumbani, jikoni ibaki kopo la wiki. Unachokusudia kutoa sadaka kitenge kabisa mwanzoni, kiasi unachojua, kisichanganyike na cha nyumba. Kikiisha kimeisha na moyo wako ni mweupe. Anayeazima kwa kurudisha, mpimie kwa kikombe chako na umwambie arudishe kwa kikombe hicho hicho, kwa sababu vikombe vya watu, ajabu yake, hupungua vikirudi.